Piga Hodi Msituni: Mwongozo Kamili wa Kutembea kwa Miguu Palipo na Nyati, Tembo na Nyoka

Ukitoka lango la Momella kupanda Mlima Meru, mwendo wa kwanza unakatiza uwanda wa nyasi fupi ambao nyati wameufanya zizi lao. Wengine wamelala wanacheua, wengine wamesimama wanakutazama. Anayepanda kwa mara ya kwanza hukaukwa na mate, huku askari wa hifadhi, bunduki begani, akiwapita kwa mbali bila haraka. Baadaye njia inaingia msituni, nyati hawaonekani tena, na mgeni anashusha pumzi. Askari ndiyo kwanza anaanza kujihadhari: anapunguza mwendo, anasimama kabla ya kila kona, anasikiliza.

Uwandani nyati alikuona ungali mbali, akakupima, akaendelea kucheua. Msituni mnaweza kukutana kwenye kona mkiwa hatua kumi, yeye ameshtuka, wewe umeshtuka, na nyuma yake kuna ukingo wa korongo. Nyati aliyeshtuliwa na asiye na pa kupita ndiye wa kuogopwa. Karibu kila ushauri ulio humu unatokana na hilo: mnyama ajue kwamba unakuja, na awe na njia ya kuondoka. Nyumba ya watu hupigiwa hodi, na msitu nao una wenyewe.

Ninayoyaandika nimeyaokota kwa askari wa hifadhi, waongozaji na wapagazi niliotembea nao Meru, Usambara na Mlima Kenya, na machache nimeyajua kwa kukosea mwenyewe.

Hatua ya kwanza: jua unaingia kwa nani

Misitu yetu haifanani. Magamba au Amani, kule Usambara, hutembei ukiwaza nyati. Unatazama chini kwa sababu ya nyoka na siafu. Udzungwa, hifadhi ya taifa tangu 1992, njia ya kwenda maporomoko ya Sanje imejaa mbega na ngedere, lakini ukiingia ndani zaidi kuelekea kilele cha Mwanihana umeingia kwa tembo na nyati. Mlima Kenya, njia za Naro Moru na Chogoria zinapita kwenye mianzi minene, na mianzi ni chakula na maficho ya tembo. Aberdare ni hivyo hivyo. Kilimanjaro, njia za Marangu na Machame wengi huona nyani na mbega tu, ila upande wa magharibi, njia ya Lemosho, nyati na tembo hupita kwenye msitu wa chini.

Kwa hiyo kabla ya kufunga mzigo, uliza maswali matatu: kuna wanyama gani wakubwa? Mara ya mwisho wameonekana wapi? Maji yako wapi msimu huu? Swali la tatu watu hulisahau. Wakati wa kiangazi wanyama hukusanyika kwenye vijito vichache vilivyobaki, na mara nyingi njia yako nayo inapita hapo hapo. Wakati wa masika maji yako kila mahali, wanyama wametawanyika, lakini majani ni marefu na huoni mbele.

Maswali hayo waulize askari wa lango, kisha waulize watu wa kijiji cha mwisho kabla ya msitu. Mama anayelima shamba la mahindi pembeni ya ushoroba wa tembo anajua usiku wa jana wamepita saa ngapi na wameelekea wapi. Hilo huwezi kulipata kwenye ramani yoyote ya simu.

Kama kanuni za hifadhi zinataka askari mwenye silaha, usitafute njia ya kumkwepa ili kuokoa fedha. Meru ni lazima. Bunduki yake hutumika mara chache mno. Unachokilipia ni macho na pua yake. Nimetembea na askari aliyesimamisha msafara mzima kwa sababu tu kundi la ndege wadogo lilinyamaza ghafla.

Hatua ya pili: panga saa na watu

Alfajiri na jioni ni saa za wanyama. Ndipo wanapokwenda majini, wanaporudi vichakani, na ndipo chui anapowinda. Ndani ya msitu wa chini, anza kutembea jua likiwa limechomoza vizuri, tuseme kuanzia saa mbili asubuhi, na hakikisha umefika kambini kabla ya saa kumi na moja jioni. Piga hesabu kwa mwendo wa mtu anayekwenda polepole kuliko wote kwenye kundi, kisha ongeza saa moja.

Kuna anayeuliza: mbona kilele cha Meru, mita 4,566, hupandwa usiku wa manane? Kwa sababu safari ile ya usiku inaanzia kibanda cha Saddle, mita 3,570 hivi, juu ya msitu mnene. Kule ni mawe, majivu ya volkano na baridi. Usichukue ratiba ya kileleni ukaileta msituni.

Tembea na wenzako, watatu au zaidi. Watu wanne wanasikika, wanaonekana wakubwa, na mmoja akiumia wawili wanambeba na mmoja anakimbilia msaada. Mstari uwe mmoja, wa karibu karibu, kiasi kwamba ukinyoosha fimbo unakaribia kumgusa aliye mbele. Mtoto akae katikati, daima, asitangulie na asibaki nyuma. Mbwa abaki nyumbani: anamchokoza nyati, nyati anamfukuza, na mbwa anakimbilia kwa bwana wake, nyati akimfuata.

Hatua ya tatu: vaa na beba vya kazi

Hapa sitakaa sana. Buti zinazofunika kifundo cha mguu, soksi ndefu, suruali ndefu ya kitambaa kigumu. Kuumwa na nyoka njiani mara nyingi ni chini ya goti, na kitambaa kilicholegea na ngozi nene ya buti hupunguza mengi. Rangi ziwe za kutulia, kaki au kijani cha majani. Bluu iliyokoza na nyeusi huwavuta ndorobo, hasa ukishuka kwenye mapori ya joto. Manukato yaache nyumbani, kwa sababu ya nyuki.

Kwenye mzigo weka tochi ya kichwa na betri za akiba, filimbi, fimbo imara, sabuni ya kipande, bendeji mbili pana za kunyumbulika, kibano cha ncha nyembamba, na simu iliyojaa chaji, ikiwa imehifadhiwa namba ya lango la hifadhi unayoingia. Chakula chote kiwe kwenye vyombo vyenye mfuniko wa kubana. Ndizi zinazoning'inia pembeni ya begi ni mwaliko kwa nyani.

Hatua ya nne: njiani, piga hodi

Ongea. Sauti ya kawaida ya mazungumzo inatosha, haina haja ya kupiga kelele. Mkikaribia kona, kijito chenye mlio mkubwa, au mahali majani yamefunga pande zote, mmoja apige makofi mawili matatu au aite "Hodi!" na kundi lisimame kidogo. Muda huo mfupi ndio unaompa mnyama nafasi ya kuamua, na mara nyingi ataamua kuondoka. Visikilizi masikioni ni marufuku, kwa sababu hodi ina pande mbili: nawe usikie jibu.

Jibu linakuja kwa namna nyingi. Harufu ya zizi la ng'ombe mahali pasipo na ng'ombe: nyati yupo upande upepo unakotoka. Mlio wa muanzi unaovunjika, mkali kama risasi: tembo anakula. Mngurumo mzito wa chini chini kama gari la mizigo lililo mbali: tembo huyo huyo, na yuko karibu kuliko unavyodhani. Nyani au mbega wanaopiga kelele kali wakitazama sehemu moja chini: huenda kuna chui. Shashi, wale ndege wadogo wanaokula kupe mgongoni mwa wanyama, wakiruka ghafla kutoka kichakani na mlio wa kufoka, simama hapo hapo. Shashi hakai kichakani bure; yuko juu ya mtu wake.

Soma na chini. Kinyesi cha tembo kwenye njia ni mafungu makubwa yaliyojaa nyuzi za magome na mianzi. Sogeza mgongo wa kiganja karibu nacho. Kikiwa na joto, kinang'aa unyevu, na nzi ndiyo kwanza wanakusanyika, mwenye nacho hajafika mbali. Kikiwa kimepauka juu na mbawakawa wameshakichimba, hiyo ni habari ya zamani. Kwato za nyati zinafanana na za ng'ombe mkubwa. Tazama kama kingo za alama bado ni kali au zimeshaanza kuporomoka, na kama maji yaliyoingia ndani ya alama bado yana tope.

Kisha upepo. Mwongozaji mmoja mtu mzima alikuwa na soksi ya mtoto imejaa majivu, ameifunga mdomo kwa uzi na kuitundika kwenye mkanda. Kila baada ya muda aliigonga kwa kidole, vumbi jeupe likatoka, akaangalia linaelekea wapi. Upepo ukitoka mgongoni kwako kwenda mbele, harufu yako inakutangulia, na hiyo ni hodi tosha. Upepo ukikupiga usoni, mnyama aliye mbele hana habari nawe: hapo ongeza sauti.

Hatua ya tano: mmekutana. Sasa?

Kwanza kabisa: simama. Usikimbie, usipige kelele, usitoe simu. Wote msogee karibu, mtoto nyuma ya watu wazima, macho yatafute vitu viwili: mnyama anaweza kutokea wapi, na wewe unaweza kurudi wapi. Kama kuna askari, fanya anachosema neno kwa neno, hata kama huelewi kwa nini.

*Nyati.* Anayetisha zaidi ni dume mzee aliyejitenga na kundi. Kundi likishtuka hukimbia pamoja; mzee peke yake hana wa kumfuata, na mara nyingi amelala kwenye kichaka kizito karibu na maji.

Tulimkuta wa namna hiyo asubuhi moja ya mwezi wa Juni, tukipanda Meru. Nilikuwa wa tatu kwenye mstari. Askari aliinua ngumi, tukasimama. Nikasikia harufu ya zizi, kisha shashi wawili wakaruka wakifoka, na hapo ndipo nilipoona kwamba kile nilichodhani ni kisiki kilichoungua kilikuwa na pua, pua nyeusi iliyolowa, na matone ya umande kwenye nywele za kidevu. Hatua kumi na tano, labda pungufu. Askari hakushusha bunduki begani. Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayezungumza na jirani: "Tunarudi, mzee, usijali." Akatupa ishara kwa mkono nyuma ya mgongo, tukarudi kinyumenyume hatua baada ya hatua, tukimtazama, mpaka njia ikapinda. Tukakaa pale karibu dakika ishirini. Tulichosikia baadaye ni kishindo cha matawi yakivunjika kuteremka bondeni. Alikuwa na njia ya kutokea, na sisi hatukuiziba.

Nami nilikuwa nusura niizibe. Silika yangu ilikuwa kukwepa kwa kushuka upande wa kijito, na ni huko huko nyati alikokimbilia. Ndiyo maana nasema: rudi ulikotoka, kwenye njia unayoijua, usikate pembeni.

Nyati akiinua kichwa, pua mbele, anakutafuta kwa harufu. Bado mna nafasi ya kurudi. Akishusha kichwa na kuanza kukimbia, huwezi kushindana naye mbio. Tupa begi, panda mti wowote ulio karibu, au jifiche nyuma ya shina nene au jiwe kubwa. Pasipo na mti wala jiwe, wazoefu wa porini wana ushauri mmoja wa mwisho: lala kifudifudi, jibane ardhini, kwenye shimo au mfereji kama upo, mikono kisogoni, usiinuke. Pembe zake zilivyojipinda humpa shida kumfikia mtu aliyelala bapa. Utaumia, lakini una nafasi kubwa zaidi kuliko ukiwa wima.

*Tembo.* Msituni, ukimwona tayari uko karibu mno. Geuka urudi kimya, ukielekea upande utakaofanya harufu yako isipite kwake. Kamwe usiingie kati ya mama na mtoto. Dume mwenye michirizi ya majimaji kati ya jicho na sikio, na mkojo unaodondoka miguuni, yuko kwenye kipindi chake cha kupandisha. Huyo usimsubiri hata kidogo.

Tembo akitanua masikio, akitikisa kichwa, akipiga baragumu na kurusha vumbi, mara nyingi anatisha tu. Simama imara, wote pamoja, mwache ajirudi, kisha nanyi rudini taratibu. Akinyamaza, akalaza masikio, akakunja mkonga chini ya kifua na kuja ameinamisha kichwa, amekusudia. Hapo mbio zinaruhusiwa: tupa begi au koti liwe la kumshughulisha, weka miti mikubwa na mawe kati yenu, elekea penye mteremko mkali wa mawe kama upo. Kupanda mti mwembamba hakusaidii kitu.

*Chui.* Huenda amekuona mara kumi wewe hujamwona hata mara moja, na ni vizuri ibaki hivyo. Mkikutana, usimkazie macho na usimpe mgongo. Mtoto umbebe juu. Rudi kinyumenyume ukiongea kwa sauti nzito, mwache njia. Ukikuta mzoga wa swala juu ya mti, usisimame kupiga picha. Mwenye nyama yuko karibu. Akikurukia, pigana kwa fimbo, mawe, chochote, ukilinda shingo.

*Nyani.* Huyu hashtuki kwa hodi yako, ameshawazoea watu, na kosa ni letu tuliomlisha. Usile mbele yake. Usimkenulie meno hata kwa tabasamu, kwani kwake meno ni vita. Akishika begi lenye chakula, liachie. Begi linanunuliwa, mkono uliochanwa na meno marefu vile ni habari nyingine.

Kwa wanaokwenda kuwaona sokwe Gombe na Mahale, au sokwe wakubwa wa milimani kule Virunga na Bwindi, hatari kubwa inageuka upande: sisi ndio tunaobeba maradhi. Mafua yako yanaweza kuua familia nzima ya sokwe. Kaa mita 10 au zaidi, vaa barakoa unapoagizwa, na kama unakohoa, sema ukweli langoni ubaki.

Hatua ya sita: wadogo wanaoumiza wengi

Nyoka hapendi kuonana nawe. Anasikia mtetemo wa hatua zako ardhini, na wengi hujiondolea kabla hujafika. Asiyeondoka ni kifutu, ambaye pwani wengine humwita moma: mnene, rangi ya majani makavu, anategemea kutoonekana na hukaa palepale mpaka ukanyage. Kwa hiyo piga hatua nzito, ukitazama unapokanyaga. Gogo lililolala njiani usiliruke kwa mbwembwe. Panda juu yake, tazama upande wa pili, ndipo ushuke. Usitie mkono kwenye shimo, chini ya jiwe, wala kwenye rundo la kuni. Ukimwona nyoka, rudi hatua tatu, mpe muda. Wengi huumwa wakijaribu kumuua.

Akimuuma mwenzako, haya ndiyo ya kufanya, kwa mpangilio. Ondokeni hapo alipo nyoka. Mkalishe, mtulize, asitembee kama kuna namna ya kumbeba. Vua pete, saa, bangili na kiatu cha upande ulioumwa, kwa sababu uvimbe unakuja. Funga kiungo kwa kijiti na bendeji kama unavyofunga mfupa uliovunjika, kisitikisike, lakini kisibane. Andika saa aliyoumwa. Kisha hospitali, haraka, yenye dawa ya kuzuia sumu ya nyoka; piga simu mapema kuuliza kama wanayo, msije mkafika mkaambiwa muendelee na safari.

Usichanje. Usinyonye sumu. Usifunge kamba ya kukata damu. Jiwe jeusi la nyoka, ambalo bado linauzwa na kuaminiwa sana, haliondoi sumu. Linachokula ni zile saa ambazo mgonjwa alipaswa kuwa barabarani. Nasema hili kwa uchungu kwa sababu familia nyingi hufika hospitali siku ya pili, mguu umeshakufa, baada ya kupitia kwa mganga. Shirika la Afya Duniani liliingiza sumu ya nyoka kwenye orodha ya maradhi ya kitropiki yaliyosahauliwa mwaka 2017, na ukikaa vijijini karibu na misitu unaelewa neno lile "yaliyosahauliwa".

Kumtambua nyoka kunasaidia, kumfukuza ili umtambue hakusaidii. Sumu ya kifutu huvimbisha na kuozesha nyama. Sumu ya koboko hulegeza misuli: kope zinaanguka, maneno yanakuwa mazito, kisha pumzi inakata, kwa hiyo jiandaeni kumsaidia kupumua njiani. Swila anayetema, sumu ikiingia machoni, mwaga maji safi jichoni mfululizo kwa dakika 20, usifikiche, halafu nendeni kwa daktari.

Nyuki nao si wa kubezwa. Kabla ya kupumzika chini ya mti, tazama juu: mzinga wa gogo uliotundikwa, au tundu la shina lenye nyuki wanaoingia na kutoka, maana yake hapo si pa kukaa. Nyuki akikuuma huacha harufu inayowaita wenzake, ndiyo maana kusimama ukiwapiga kwa kofia kunazidisha. Vuta shati kufunika uso, kimbia moja kwa moja, usisimame mpaka wamekoma kukufuata, na hiyo inaweza kuwa mita mia kadhaa. Usijitose majini, watakungoja juu. Ukishawaponyoka, kwangua miiba haraka kwa ukucha. Midomo ikivimba au pumzi ikabana, hiyo ni dharura kama ya nyoka.

Siafu: tazama mstari mweusi unaovuka njia, vuka kwa hatua ndefu, wote, bila kusimama. Wakishapanda mguuni, kimbia kwanza mbali na mstari, ndipo uwatoe mmoja mmoja.

Hatua ya saba: kambini

Hema lisikae kwenye mapito ya wanyama. Utayajua: njia iliyokandamizwa, haina kona za kibinadamu, na mara nyingi inaelekea majini. Usipige kambi ukingoni mwa kijito. Chakula, dawa ya meno na sabuni yenye harufu visilale nawe hemani; viwe kwenye kibanda, kwenye gari, au kwenye chombo kigumu mbali na mahema. Sufuria zioshwe usiku huo huo. Fisi huiba hata buti kwa ajili ya ngozi yake, kwa hiyo buti ziingie ndani, na asubuhi zikung'ute kabla ya kuvaa.

Zipu ya hema ifungwe mpaka mwisho, kila mara. Ukitaka kutoka usiku, kwanza sikiliza, kisha fungua kidogo, zungusha tochi polepole kwa usawa wa macho. Macho yanayong'aa yakikurudishia mwanga, funga, subiri, au mwite mwenzako. Haja ndogo unaweza kuimaliza kwenye chupa. Hakuna aibu hapo.

Hatua ya nane: ukirudi nyumbani

Mnyama yeyote anyonyeshaye, awe nyani, popo au mbweha, akikung'ata au kukukwaruza, hata kidogo, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, na siku hiyo hiyo uende ukaanze chanjo ya kichaa cha mbwa. Usingoje uone kama utaugua. Dalili zikianza, tiba haipo tena.

Mwisho ni kupe. Vua nguo zote, zianike juani au zifue, kisha jikague au ukaguliwe: nyuma ya magoti, kwapani, kiunoni palipobana mkanda, nyuma ya masikio, kichwani kwa watoto. Ukimkuta akiwa bado amejishika, mbane kwa kibano karibu kabisa na ngozi, mvute taratibu kwenda juu bila kumzungusha. Mafuta ya taa na njiti ya kiberiti ni kumfanya ateme zaidi. Weka alama ya tarehe kwenye kalenda. Ikija homa, kichwa kikauma, au ukaona kidonda kidogo chenye gamba jeusi pale alipokuwa, ndani ya wiki mbili, mwambie daktari kwamba ulikuwa msituni na uling'atwa na kupe, kabla hajakuandikia dawa ya malaria peke yake.